Majina Yaliyobaki Nje ya Lango

Alfajiri, kabla jua halijapanda mgongo wa Uluguru, vijana huanza kupita mbele ya baraza yangu hapa Kihonda wakielekea viwandani. Wachache wana baiskeli, wengi wanatembea, na wasichana wamejitanda khanga kwa sababu ya ule upepo wa mlimani. Wananipa shikamoo bila kupunguza mwendo. Ukiwauliza waendako, hawakwambii kwamba wanakwenda kazini. Wanasema wanakwenda "kuangalia." Watasimama nje ya lango mpaka supavaiza atoke awachague kwa kidole: wewe, wewe, na wewe mwenye shati jekundu. Waliobaki hurudi kwa njia ileile kwenye saa mbili. Nimekwisha kuwazoea kwa mwendo wao wa kurudi, maana anayerudi hana haraka tena.

Lango la aina hiyo mimi nalijua kwa upande wake wa ndani. Mwaka 1979, baada ya masomo yangu Mzumbe, wakati chuo kile bado tukikiita IDM, niliajiriwa kuwa afisa utumishi katika kiwanda kimoja cha umma hapahapa Kihonda. Ofisi yangu ilikuwa ya pili kutoka getini, na ndani yake mlikuwa na makabati manne ya chuma. Humo ndimo walimoishi watu. Kila mwajiriwa alikuwa na jalada lake la karatasi ngumu lililofungwa kwa uzi, na kila jambo lake liliingia mle: barua ya maombi aliyoiandika kwa mkono, cheti cha daktari, majina ya wategemezi, fomu za likizo, mkopo wa baiskeli, barua za onyo. Nilijua kwamba mke wa fundi mitambo amejifungua pacha kwa kuwa baba watoto alikuja kubadili orodha ya wategemezi. Nilijua nani analewa, kwa sababu barua za onyo zilipita mkononi mwangu, na mara nyingi nilijua pia kilichomfikisha kwenye kulewa.

Kumfukuza mtu ilikuwa kazi ya miezi. Sheria ya Usalama wa Ajira ya mwaka 1964 ilikuwa imeweka kamati za wafanyakazi na utaratibu wa makosa na adhabu zake. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 ukaleta halmashauri za wafanyakazi. Mwaka uliofuata Mwongozo wa TANU ukamkataza kiongozi kuwa na kiburi na dharau kwa anaowaongoza, na wafanyakazi wakauelewa vizuri kuliko mameneja walivyopenda. Kwa muda viwanda vya Dar es Salaam vilisimama kwa sababu ya meneja mwenye matusi, wala si kwa ajili ya mshahara peke yake. Nilipoanza kazi moto ule ulikuwa umepoa. Lakini meneja wangu bado alikuwa akibisha hodi kwenye mlango wa karakana kabla hajaingia.

Haya ndiyo sisi wazee tunayowasimulia vijana, na tukifika hapo huwa tunanyamaza, kana kwamba hadithi imekwisha. Haijaisha. Viwanda vya Morogoro vilijengwa kwa fedha za mikopo. Kile cha viatu, ambako mimi sikufanya kazi, kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili kitoe jozi milioni 4 kwa mwaka, na nyingi ziende kuuzwa Ulaya. Kuta zake zilikuwa za aluminiamu, katika mji huu wenye joto, bila mfumo wa kupitisha hewa. Katika maisha yake yote hakikufikia hata sehemu ya kumi ya uwezo huo, na mwaka 1990 kikanyamaza. Kwetu kulikuwa hivyohivyo kwa kadiri yake. Ilifika siku mashine nyingi zilisimama kwa kukosa vipuri, na vipuri vilikosekana kwa kuwa dola hazikuwepo. Watu walikuja saa moja, wakasaini, wakakaa chini ya mwembe wa uani mpaka saa tisa na nusu. Mwisho wa mwezi niliwaandalia mshahara, na mimi mwenyewe nikachukua wangu. Sisemi walikuwa wavivu, kwani mtu hawezi kufuma kwa mashine iliyokufa. Nasema kwamba ile ajira ya kudumu tunayojivunia ilikuwa inakula mbegu, na waliokuja kukuta ghala tupu ni hawa wanaopita barazani kwangu alfajiri. Kwa hiyo ninapomsikia mzee mwenzangu akisema kijana wa leo hapendi kazi, moyo wangu unauma. Kazi ile tuliifanya nini hata hawakuikuta?

Tena tulijidanganya kwamba ajira ya kudumu ndiyo hali ya kawaida ya dunia. Mimi sikupaswa kudanganyika, kwa sababu baba yangu alikuwa manamba.

Alitoka Songea, akaletwa na SILABU, ile ofisi ya kuwakusanyia wenye mashamba ya mkonge vibarua wao, iliyoanzishwa mwaka 1944. Walifungiwa namba, wakaitwa kwa namba, na kutoka hapo wakapata jina la manamba. Malipo yao yalifuata kipande, kadi yenye viraba 30. Ukimaliza kazi uliyopimiwa kwa siku hiyo, kiraba kimoja kinajazwa. Usipoimaliza, umechoka bure. Mshahara ulikuja viraba vyote 30 vilipojaa, hata kama imekuchukua siku arobaini. Baba aliniambia hakuna mnyapara hata mmoja aliyewahi kumwita jina lake, na alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Huku upande wa mama, Matombo, mababu walikuwa wakilazimishwa na serikali ya kikoloni kuchimba matuta ya ngazi milimani, mpaka Julai 1955 wakakataa na damu ikamwagika. Matuta yenyewe huenda yangeufaa mlima. Waluguru walichokataa ni kuamriwa juu ya ardhi ya ukoo kama watu wasio na neno.

Ukizitazama siku zetu za makabati ya chuma kutoka kwenye kipande cha baba, unaona zilikuwa kipindi kifupi tu, labda miaka ishirini na mitano, katikati ya namba mbili.

Nina jambo ambalo sijawahi kuliandika popote. Mwaka 1983 Bunge lilipitisha sheria ambayo jina lake la Kiingereza lilizungumzia kupanga rasilimali watu, na sisi tukaiita Nguvukazi. Mjini kila mtu mzima alitakiwa aonyeshe kazi yake. Asiyekuwa na kitambulisho cha mwajiri alihesabiwa kuwa mzururaji, na wazururaji walikusanywa kwenye malori wakapelekwa mashambani. Ghafla ofisi yangu ikawa mahali pa kuokolea watu. Niligonga mihuri usiku na mchana, na kila mwenye jalada alipata kitambulisho chake.

Getini tulikuwa na vibarua pia, kama kumi na watano hivi, wa kupakua marobota na kufagia. Hawakuwa na majalada. Mmoja wao, kijana mpole wa miaka ishirini hivi, alikuwa na desturi ya kupanda treni Jumamosi kwenda Dar es Salaam kuuza mboga za Mgeta. Alikuja dirishani kwangu, kofia mkononi. "Mkuu, niandikie hata kikaratasi." Alikuwa amefanya kazi kwetu zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Nilimwona kila asubuhi. Nikamjibu, "Wewe humo kwenye ikama." Lilikuwa jibu sahihi. Ikama ilikuwa orodha iliyoidhinishwa ya nafasi za kazi, na jina lake kweli halikuwemo. Hakubisha. Alivaa kofia yake akaondoka.

Walimkamata Dar es Salaam wiki ya pili. Alipelekwa kwenye shamba la mkonge, akakaa miezi mitano. Aliporudi alipita mbele ya kiwanda, nikiwa nimesimama getini, akaniamkia kwa adabu kama siku zote, akaendelea na safari yake. Hakurudi tena kuomba kazi. Mimi, mtoto wa manamba, nilikuwa na kalamu, karatasi na muhuri mezani, nikamrudisha kijana wa mwenzangu kwenye mkonge kwa sababu ya neno ikama. Kila ninapoona supavaiza akichagua watu kwa kidole, ninalikumbuka dirisha lile, na ninajua kwamba mgawanyo wa waliomo na wasiokuwemo haukuletwa na soko huria. Tulikuwa nao. Tofauti ni kwamba siku zetu waliokuwa nje ya jalada walikuwa kumi na watano, na leo walio ndani ndio wa kuhesabu.

Ya miaka ya 1990 yanajulikana. Ilikuja Tume ya kurekebisha mashirika ya umma, vikaja vikao, likaja neno redandansi. Mwaka wangu ulipofika niliwaandikia wenzangu barua za kupunguzwa kazi mpaka alasiri, kisha nikaandika yangu. Kiinua mgongo kilinunua mabati na ng'ombe mmoja wa maziwa. Makabati manne yalitolewa nje siku mnunuzi alipokabidhiwa kiwanda; makabati akayachukua, majalada yakabaki sakafuni.

Miaka ya karibuni neno utumishi limenirudia kupitia mjukuu wangu wa kike, aliye Mzumbe akisomea usimamizi wa rasilimali watu. Likizo iliyopita alikuja na insha ya kuandika juu ya maumbo mapya ya mashirika na mipangilio mipya ya kazi. Akanisomea habari za Charles Handy, mwandishi wa Ireland, ambaye mwaka 1989 alilifananisha shirika la kisasa na lile jani la kwao lenye vikono vitatu. Kikono cha kwanza ni wataalamu wachache wa ndani, wenye mishahara mizuri, wanaobeba akili ya shirika. Cha pili ni watu na kampuni za nje zinazopewa kazi kwa mkataba: ulinzi, usafi, chakula, usafirishaji. Cha tatu ni wanaoitwa kazi inapokuwepo na kuachwa inapokwisha.

"Babu, unalielewa hilo?" akaniuliza.

Nikamwambia atazame barabarani. Kikono cha kwanza huwa kinapita saa mbili kasorobo, kwenye gari lenye vioo vilivyofungwa. Cha pili ni yule mlinzi wa getini, ambaye sare yake ina jina la kampuni nyingine kabisa. Ukimuuliza mwajiri wake ni nani, anakutajia ofisi iliyoko Dar es Salaam ambako hajawahi kufika. Cha tatu ni shati jekundu. Handy aliandika akiwafikiria Waingereza wenye matibabu ya umma na posho ya serikali mtu akikosa kazi. Jani likiota mahali penye udongo kama ule, hata kikono cha tatu kina cha kunyonya. Hapa petu kinaning'inia.

Mjukuu wangu huyo mwenyewe ni sehemu ya habari. Usiku, kila mtu akiwa amelala, huwa anafungua kompyuta yake na kuwafanyia kazi watu walio nje ya nchi: anasikiliza sauti na kuziandika, anapanga picha na kuzipa majina. Kazi inaingia kwa mtandao, malipo yanaingia kwa simu. Umeme ukikatika anahamia kwa jirani mwenye sola. Nilimsifu sana, kwa kuwa pale alikuwa akijilipia chakula na vitabu bila kuniomba. Halafu asubuhi moja nikamkuta amekaa jikoni kimya. Akaunti yake ilikuwa imefungwa.

"Wamekuandikia sababu?"

"Hapana babu. Ukiingia inakwambia tu huna ruhusa."

"Umezungumza na nani?"

"Hakuna mtu wa kuzungumza naye."

Nilikaa na jibu hilo siku nzima. Mimi nilimnyima kijana wa watu karatasi, lakini angalau lilikuwepo dirisha, na nyuma ya dirisha uso wa kuuchukia. Mtoto huyu amefukuzwa na mlango usiokuwa na bawabu.

Siwezi kusema kwamba mambo mapya yote ni mabaya, na vijana hawasemi hivyo. Binti wa jirani yangu anauza vocha na kutoa fedha chini ya mwavuli, ni wakala. Analipwa kamisheni, hana likizo, hana mwajiri, na akipokea noti bandia hasara ni yake. Nilipomuuliza kama angekubali ajira ya kiwandani, alicheka kwa upole, akaniambia anafunga mwavuli wake mtoto akiugua na hamwombi mtu ruhusa. Hilo ni jambo kubwa, hasa kwa mwanamke. Katika makabati yangu barua nyingi za onyo kwa akina mama zilikuwa za kuchelewa, na karibu zote sababu ilikuwa mtoto. Hatukuwa na namna ya kuwapangia saa zao. Hatukuitafuta pia. Vivyo hivyo vijana waliojenga reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024. Wapo wa mtaani kwetu waliofanya kazi kwa mkataba wa kipindi cha ujenzi tu, wakajua tangu mwanzo kuwa ina mwisho, wakatoka na ufundi wa kuchomelea na akiba ya kiwanja. Mkataba mfupi unaosema ukweli wake si dhuluma.

Dhuluma ninayoiona ni ule mkataba unaoficha. Kijana anapewa miezi mitano, anapumzishwa wiki mbili, anapewa miezi mitano mingine, hivyohivyo miaka inakwenda. Anayempa amesikia kwamba kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita. Ni kweli, kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinasema hivyo. Lakini kifungu hichohicho kinaongeza kwamba miezi hiyo sita huhesabiwa iwe ni kwa mkataba mmoja au zaidi. Maneno machache, na vijana wengi hawajawahi kuyasikia. Hata anayelipwa kwa siku hajasahauliwa kabisa, ingawa amepunjwa: akishapita mwezi wa kwanza anastahili notisi ya siku nne, wakati mwenye mshahara wa mwezi anapata siku 28.

Na lipo lile ambalo ningelibandika kwenye kila nguzo ya umeme ya Kihonda. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, ya mwaka uleule, kinataja hali saba, na moja tu ikiwepo mtu anachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Anapangiwa namna ya kufanya kazi. Anapangiwa saa. Ni sehemu ya shirika lenyewe. Amefanya kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Anamtegemea huyo mtu kwa riziki yake. Anapewa vifaa. Anamfanyia kazi mtu mmoja tu. Nilipokisoma mara ya kwanza nilikiona kile kikofia mkononi dirishani. Yule kijana wa mboga za Mgeta alikuwa na hali zote saba, ila jumla yake nzima, kwetu, ilikuwa "humo kwenye ikama."

Niliwahi kuwaandikia vijana wawili maombi yao kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mmoja alipata suluhu, mwingine alishindwa kwa sababu hakuwa na kitu chochote chenye jina lake: hakuna karatasi ya malipo, hakuna kitambulisho, hakuna hata saini kwenye daftari la getini. Sheria ilikuwepo. Kilichokosekana ni jalada.

Sasa nije kwenye kijiwe cha bodaboda kilicho karibu na kwangu. Pikipiki zilipopewa ruhusa rasmi ya kubeba abiria, kwa kanuni za mwaka 2010, sisi wazee tuliliona jambo lile kama janga. Leo kijiwe hicho kina vijana arobaini na tatu. Wachache wanamiliki pikipiki zao. Wengine wanapeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, elfu kumi, mvua inyeshe isinyeshe. Wengine wako kwenye mkataba: unalipa kila siku kwa mwaka mmoja na kitu, pikipiki inakuwa yako, na ukishindwa katikati inachukuliwa pamoja na yote uliyokwisha kulipa. Nilidhani ni kundi la watu tu waliokaa chini ya mti. Siku moja mwenyekiti wao aliniletea daftari nimsahihishie katiba yao. Nikalisoma nikashangaa, maana nilikuwa ninasoma kazi yangu ya zamani.

Wana utaratibu wa kumpokea mgeni: anakuja na mdhamini, analipa kiingilio, anakaa majuma mawili akifuatana na mwenyeji ili afahamike. Wana zamu. Wana makosa na adhabu, kuanzia onyo la mdomo, kisha faini, kisha kufungiwa siku tatu, na kabla ya kufukuzwa mtu lazima asikilizwe mbele ya wote. Wana mfuko wa ugonjwa na wa msiba. Kuoa kuna mchango wake, kufiwa na mzazi kuna wake. Utumishi wote tulioutupa sakafuni siku ya kubinafsishwa, watoto wa darasa la saba wameuokota wakaufuta vumbi. Tofauti iliyopo ni chungu. Kwetu gharama ya hayo yote ilikuwa ya kiwanda. Kwao kila senti inatoka mifukoni mwao wenyewe, na tajiri wa pikipiki, anayepokea hesabu jioni, hachangii hata sanda.

Mwaka 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na niliona wauza maji na wauza karanga wa Msamvu wakivivaa shingoni kwa fahari. Wapo waliolalamikia bei. Mimi niliwatazama kwa jicho jingine: watu walewale ambao mwaka 1983 wangepakiwa kwenye lori, sasa dola ilikuwa inawapa kadi ya kuwatambulisha. Ni hatua, hata kama kadi ile haikumwambia mtu nani atamlipia akivunjika mguu.

Na mguu ndio ulionirudisha kazini. Mwezi Machi, kijana mmoja wa kijiwe aligongwa usiku kwenye barabara ya Dodoma. Wenzake walimfikisha hospitali, wakaulizwa jina. Wakajua jina la utani tu. Walijua namba yake ya simu kwa kichwa, lakini simu ilikuwa imepondeka na yeye hakuwa na fahamu. Nani ndugu yake? Kwao wapi? Ana mzio wa dawa? Vijana arobaini waliokula naye kila siku kwa miaka mitatu wakabaki wanatazamana. Ilichukua siku mbili kumpata mama yake, Kilosa. Kijana alipona, anatembea kwa gongo. Wiki iliyofuata mwenyekiti alikuja barazani na wenzake wawili, wakakaa, wakasema, "Babu, tunasikia zamani ulikuwa unaandika watu."

Nilinunua majalada ya karatasi ngumu dukani, arobaini na matatu, na uzi. Fomu niliichora kwa kumbukumbu, kama ile ya kwetu: jina kamili, jina la mama, mahali alipozaliwa, wategemezi, wa kuarifiwa akipatwa na jambo, kundi la damu kama analijua, kazi alizowahi kufanya. Ukurasa wa pili ni wa kumbukumbu: ameanza lini, pikipiki ya nani, hesabu kiasi gani, amelipa siku ngapi. Mwenye pikipiki akidai hajalipwa, karatasi itasema. Mwenye kutaka kujiunga na NSSF kwa hiari, kwa kuwa sasa waliojiajiri wanapokelewa, atakuwa na pa kuanzia. Wanakuja Jumamosi, mmojammoja, wanavua viatu barazani ingawa siwaambii wavue. Ninawauliza polepole. Wengi hawajawahi kuulizwa jina la mama yao na mtu anayeandika. Mmoja alinitajia watoto wawili, akatoka, akarudi kutoka njiani kuja kumtaja wa tatu, aliyeko kwa bibi yake Kinole.

Jumamosi iliyopita alikuwa kijana mdogo kuliko wote, amekuja kijiweni baada ya mwaka mzima wa kusimama nje ya malango. Nilimtambua kwa mwendo. Anajua kusoma vizuri, kwa hiyo nilimpa fomu ajaze mwenyewe. Akaenda nayo haraka mpaka mstari wa sita, akainua kalamu.

"Babu, hapa pameandikwa mwajiri. Niandike nani?"

Mkono wangu ulikuwa umeuchora mstari huo kwa mazoea, kwenye fomu zote arobaini na tatu, na waliotangulia walikuwa wameuruka bila kuuliza. Nilivua miwani, nikaufikiria. Angeweza kumwandika mwenye pikipiki. Angeweza kujiandika mwenyewe. Nilikiwaza kifungu cha 61 na hali zake saba, na yeye anazo nne, labda tano. Nikamwambia asiukate mstari ule, auache wazi, tutaurudia siku nyingine pamoja, na sasa aendelee na jina la mama.